Jino Halisubiri Ndege

Naandika kutoka Nakivale, wilaya ya Isingiro, hapa Uganda. Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Wenzangu mmeshaandika juu ya shule, juu ya mgao, juu ya biashara ya chapati. Mi nitaandika juu ya jino. Msicheke kwanza. Jino moja la mtoto wa miaka 8 lilitukalisha familia nzima karibu miezi mitatu, na kadiri tulivyolijadili ndivyo nilivyoona kwamba swali letu ni kubwa kuliko jino: mambo gani ya mtoto yanaweza kusubiri mpaka tutoke kambini, na yapi hayasubiri?

Kwa wale wageni: mi ni mkalimani wa kujitolea kwenye kituo cha afya. Nilifika hapa 2012 na mama yangu tukitokea Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, nikasoma hapa hapa mpaka S4. Kazi yangu ni kukaa katikati ya mgonjwa na muganga. Mmoja anaongea Kiswahili ao Kinyarwanda, mwingine anaongea Kinyankole ao Kiingereza, mi napitisha maneno. Tunapewa posho kidogo, ya sabuni na vocha ya simu. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa: mkalimani haongezi, na hapunguzi.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu mkubwa. Jina lake naliacha, ni lake. Mwaka 2012 dada alibaki Rutshuru sababu alikuwa ameshaolewa. Vita ilipowaka tena 2022, wao pia wakakimbia, wakavuka Bunagana, wakakaa Nyakabande kule Kisoro, kisha wakaletwa huku kwetu. Katika safari hiyo, wakati wa kupanda lori, mtoto aliteleza akapiga mdomo kwenye chuma. Alikuwa na miaka 5. Damu ilitoka, ikakauka, safari ikaendelea. Baada ya muda jino lake moja la juu, pale mbele kabisa, lilibadilika rangi likawa la kijivu. Halikumuuma. Na siku zile dada alikuwa anatafuta turubai, sufuria na mahali pa kulala. Jino la utoto ambalo haliumi halikuwa kwenye orodha.

Mwanzo wa 2025 watoto wa rika lake walikuwa na mapengo kama wazee, meno yanatoka, mengine yanaingia. Yeye jino la upande wa kushoto lilitoka vizuri na jipya likaota mahali pake. Lakini lile la kijivu liligoma. Likabaki limesimama imara, na nyuma yake, upande wa kaakaa, likachomoza jino jipya la ukubwani. Yaani meno mawili, moja mbele ya mwingine. Na akifunga mdomo, lile jipya lilikuwa linaingia nyuma ya meno ya chini, badala ya kuyafunika kwa mbele kama kawaida.

Mnajua watoto. Kufika mwezi wa tatu mpwa wangu alikuwa anaongea ameweka mkono mdomoni. Mwalimu wake akamwambia dada kwamba mtoto hasomi tena kwa sauti, anasema kitabu hakioni. Kumbe anakiona vizuri kabisa.

Hapo ndo kikao cha familia kikaanza, na kila mtu alikuja na lake.

Mama yangu, yaani bibi ya mtoto, akasema: "Muache tu. Meno ya mutoto inajipanga yenyewe. Yako pia ilikuwa imepindika, na angalia leo."

Dada akasema: "Tusubiri ndege. Kule Amerika kuko madaktari ba meno, batamutengeneza."

Shemeji, ambaye anatafuta maisha Kampala, tukamweka kwenye spika ya simu: "Huku niliona watoto bamewekwa waya kwenye meno. Nitatafuta makuta, nitakopa kwenye kikundi, tumuweke waya, basi."

Na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akaongeza la kwake: "Mnajisumbua. Pale sokoni kuko mwenye anang'oa kwa dakika mbili."

Ndugu zangu, nimeandika mawazo haya manne sababu naona ndiyo tunayotumia karibu kwa kila kitu hapa kambini. Kuacha. Kusubiri kuondoka. Kukopa ili tupate kile wenye mali wanacho. Ao kukata haraka ili tusikione tena. Kila moja lina kaukweli ndani yake. Shida ni kujua ukweli upi unahusu mtoto yupi.

Nianze na la kusubiri ndege, maana ndilo lenye nguvu zaidi kwetu. Familia yetu ilikuwa na kesi ya Marekani tangu zamani, na dada aliongezwa alipofika. Mnakumbuka Januari 2025. Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshauza hadi vitanda wakabaki wamekaa juu ya mabegi. Dada alinyamaza siku mbili, kisha akasema, "Itafunguliwa." Mi sikumjibu. Matumaini ya mtu si kitu cha kuvunja ovyo. Lakini sote tunajua hesabu, kwamba kila mwaka wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia nzima. Ndege inaweza kuja mwaka ujao, inaweza isije. Jino lenyewe halina habari ya kesi. Linafuata umri wa mtoto, siyo barua ya ofisi.

La kung'oa sokoni sikutaka hata lijadiliwe, na nitasema kwa nini. Nikiwa mkalimani nimeona watoto wachanga walioletwa na vidonda kwenye fizi. Hapa Uganda wanaita ebinyo, na Tanzania utasikia meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anamwangalia mdomoni anaona ufizi umevimba mweupe, anasema hayo meno mabaya ndiyo yanamuua, anachokoa kwa kitu chenye ncha. Kumbe anachochokoa ni chipukizi la chonge, jino ambalo lilikuwa linajitayarisha kutoka. Kuharisha kunaendelea, damu inamwagika, maambukizi yanaingia, na kuna watoto wanaokufa. Anayepona anaweza kukua bila chonge, ao chonge lake la ukubwani likatoka limeharibika. Mtu asiyejua tofauti ya jino la utoto na jino la ukubwani hapaswi kugusa mdomo wa mtoto. Kwa mpwa wangu angeweza kung'oa lile jipya "lililokaa vibaya" na kuliacha la kijivu lililokaa sawa kwenye mstari. Jino la ukubwani likitoka, hakuna lingine nyuma yake.

Tulikubaliana jambo moja tu siku hiyo: kabla ya kuamua, tumuulize mwenye kujua.

Kituoni kwetu afisa wa meno anakuja siku maalumu. Siku tuliyoenda, mkalimani mwenzangu hakuwepo. Nilimwambia afisa wazi kwamba huyu ni mpwa wangu na huyu ni dada yangu, akasema sawa, kaa, lakini tafsiri kama kila siku. Akamlaza mtoto, akaangalia kwa kioo kidogo, akaligusa lile la kijivu, akamwambia afunge mdomo, afungue, afunge. Kisha akauliza: "Huyu mtoto aliwahi kuumia mdomo?"

Nikapitisha swali. Dada hakujibu haraka. Halafu akauliza swali lake, akiniangalia mimi badala ya muganga: "Muulize kama ni kosa yangu. Ile siku ya lori sikumushika muzuri."

Nimetafsiri mambo mengi magumu pale, lakini maneno yale yalinikwama kooni. Nilitaka kumwambia dada mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba siyo kosa lako. Lakini sheria ni sheria. Nikapitisha vile vile. Afisa akaweka kioo chini, akamgeukia dada, akasema polepole ili nisipoteze neno: watoto huanguka kitandani, huanguka kwenye mwembe, huanguka wakicheza mpira, na meno yao hupigwa hivyo hivyo. Wewe ulikuwa unaokoa mtoto mzima. Jino tutalishughulikia leo.

Nikapitisha. Sikuongeza, sikupunguza. Dada akafuta uso kwa kitenge, kisha akasema, "Basi atuelezee."

Na maelezo yenyewe ni haya, nayaweka hapa maana yanaweza kumsaidia mzazi mwingine.

Mtoto ana meno 20 ya utoto. Mtu mzima anafikisha 32. Meno ya utoto huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, kuanzia mbele chini. Meno ya mbele ya juu hubadilika kati ya miaka 7 na 9. Chonge za juu huja baadaye, kwenye miaka 11 ao 12. Kinachofanya jino la utoto lilegee ni kwamba jipya likiwa linapanda, mzizi wa lile la zamani unayeyuka polepole. Lakini jino lililopigwa likafa ndani, lile linalogeuka kijivu, mara nyingi mzizi wake hauyeyuki vizuri. Linakaa kama mlango uliofungwa, na jino jipya linatafuta njia ya pembeni.

Dada akauliza kama kuliacha kuna ubaya gani, maana haliumi. Hapa afisa alitumia vidole. Aliweka vidole vya mkono wa juu mbele ya vidole vya mkono wa chini, akasema hivi ndivyo meno yanapaswa kufunga. Kisha akarudisha kidole kimoja nyuma. Nilihangaika kutafuta neno la Kiswahili, mwisho nikasema "meno yamepishana njia," na dada akaelewa. Jino la hivyo kila likitafuna linasukuma la chini kuelekea mbele. Ufizi wa jino la chini unaweza kushuka mpaka mzizi uonekane. Meno yote mawili yanakwaruzana na kuliwa. Na mtoto anaweza kuzoea kusogeza taya pembeni ili afunge mdomo vizuri, na taya bado linakua. Siyo ugonjwa wa kuua mtu. Lakini likiwa bado linachomoza ni rahisi kulielekeza, na likishamaliza kupanda na kukaza mzizi, kazi inakuwa kubwa na ya gharama.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa na haki kwa watoto wengi. Tena afisa alimsifu aliposikia. Kuna mambo mengi kwenye meno ya watoto yanayotisha na hayana shida. Meno ya chini ya mbele mara nyingi huota nyuma ya yale ya utoto, mistari miwili kama ya papa, na la utoto likishatoka ulimi unayasukuma mbele yenyewe. Nafasi kati ya meno mawili ya juu kwa mtoto wa miaka 8 ni kawaida, mara nyingi inapungua chonge zikiingia. Na isipopungua? Huko kwetu mwanya ni urembo, wasichana wenye mwanya wanaimbiwa. Kwa hiyo si kila kisichonyooka ni kibovu. Lakini jino la juu kuingia nyuma ya yale ya chini, hilo halimo kwenye yale ya kuacha.

Sasa nije kwa shemeji na waya zake. Jioni tulimpigia simu. Hakuridhika. Alitaka mtoto wake awe na kile alichokiona kwa watoto wa Kampala, na mi namwelewa. Baba aliye mbali anataka kufanya kitu kinachoonekana. Lakini tulikuwa tumemuuliza afisa, na jibu lake nilikuwa nimeliandika kwenye daftari.

Kwanza, waya za mdomo mzima kawaida huwekwa meno ya ukubwani yakishaingia karibu yote, yaani kwenye miaka 11, 12, 13 hivi. Mtoto wa miaka 8 bado ana mchanganyiko. Kuna watoto wadogo wanaowekewa kifaa kidogo cha kusukuma jino moja ao mawili, lakini hiyo ni kazi nyingine na ya muda mfupi.

Pili, waya si kitu cha kuweka ukaondoka. Kwa kawaida zinakaa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, na mtoto anarudi karibu kila mwezi zikazwe. Zikitolewa, bado anavaa kifaa cha kushikilia meno ili yasirudi yalikotoka. Nikapiga hesabu na shemeji kwenye simu. Nauli yetu ya mtu na mtoto kwenda Mbarara na kurudi ni kama shilingi 40,000. Mara 24, ni 960,000. Hiyo ni nauli tupu, tena ya Mbarara, wakati madaktari bingwa wa kupanga meno hapa Uganda ni wachache na wengi wako Kampala. Waya zenyewe ni milioni kadhaa.

Tatu, na hili ndo lilimnyamazisha shemeji: vipi zikishawekwa na pesa ikakata katikati? Ao ndege ikaja kweli, mwezi wa nane? Waya zilizoachwa bila mtu wa kuzifuatilia zinaharibu. Chakula kinakwama, meno yanaoza pembeni ya vyuma, na meno yanaendelea kusogea bila mtu anayeangalia yanaenda wapi. Nusu ya matibabu hayo inaweza kuwa mbaya kuliko kutoyaanza.

Shemeji akakaa kimya, nikafikiri laini imekatika. Kisha akasema: "Kwa hiyo tunaweza nini sisi?"

Nililipenda hilo swali. Halikuwa tena "wengine wana nini" wala "tukifika Amerika". Tunaweza nini sisi, hapa, kwa miguu yetu na mfuko wetu?

Tulichoweza ni hiki. Afisa alipendekeza kung'oa lile la kijivu pale pale kituoni, kwa ganzi. Kisha twende Mbarara mara moja tu kupiga picha ya eksirei, aone kama mzizi wa jino jipya uko sawa na kama hakuna jino la ziada limejificha juu. Picha ikiwa nzuri na nafasi ipo, angemfundisha mtoto kulisukuma jino kwa kijiti, kile cha mbao ambacho waganga wanatumia kubonyeza ulimi. Kama isingewezekana, hapo ndo tungeongea juu ya kifaa.

Uamuzi niliuacha kwa dada. Mi ni mjomba, nina maneno mengi, lakini mtoto ni wake. Na dada alifanya jambo ambalo halikunijia akilini: alimuuliza mtoto mwenyewe. Mpwa wangu alifikiri, akauliza maswali mawili. "Itaniuma? Na nitakula mahindi?" Dada akamwambia sindano itauma kidogo, na mahindi utakula siku zikipita. Akasema, "Basi nikubali."

Lile la kijivu lilitoka siku ya Jumanne. Dada aliuza debe la maharage kwa ajili ya safari ya Mbarara. Picha ilikuja nzuri, nafasi ilikuwepo. Kijiti kikaanza.

Sitaandika hapa mara ngapi kwa siku na dakika ngapi, na nawaomba msijaribu wenyewe kwa watoto wenu. Afisa alituambia wazi kwamba kijiti kinafaa watoto wachache: liwe jino moja, liwe bado linachomoza, nafasi iwepo, na mtoto awe mwenye kusikia. Kama taya lote la chini limetangulia mbele, kijiti hakitafanya kitu. Kwake yeye kilifaa, na kila wiki tulitembea kituoni afisa aangalie. Kwa miguu, bila nauli. Hilo ndilo lililofanya matibabu yale yawezekane kwetu, kuliko hata bei.

Mama yangu, aliyesema muache tu, ndiye aliyegeuka kuwa askari wa kijiti. Kabla ya chakula ungesikia: "Kijiti!" Mtoto anajificha nyuma ya nyumba, bibi anamfuata. "Kijiti, ao leo hauli ugali!" Kuna wiki moja ilikuwa ngumu, jino lilipofika ncha kwa ncha na la chini, mtoto akawa anatafuna kwa shida na kulia. Afisa akasema vumilieni, hapo ndo mlangoni. Baada ya wiki sita hivi toka tuanze, jino likavuka. Sasa likifunga linakaa mbele ya la chini, na afisa anasema meno ya chini yenyewe ndiyo yanalilinda lisirudi. Halihitaji kifaa cha kulishikilia.

Limenyooka kabisa? Hapana. Limejipinda kidogo, na linaonekana kubwa mdomoni mwake kama meno yote ya watoto wa miaka 8. Hilo tumeliacha. Siyo kwa sababu ni maskini ao ni wakimbizi, tumeliacha kwa sababu linaweza kusubiri. Afisa ameandika kwenye daftari la mtoto: kuangalia tena chonge zikianza kuingia, 2028. Hapo ndo kama kuna haja ya waya, familia itaamua, na mtoto atakuwa mkubwa wa kusema anataka ao hataki.

Nikiangalia nyuma, naona tulitenganisha vitu viwili ambavyo kambi inatufanya tuvichanganye. Maisha ya kusubiri yanatufundisha kusubiri kila kitu. Tunasema shule tutasoma tukifika, nyumba tutajenga tukifika, hata ndoa tutafunga tukifika. Vingine kweli vinasubiri. Lakini mwili wa mtoto unakua hapa hapa Nakivale, kwenye vumbi hili hili. Kuna dirisha linalofunguka na kufunga, na halitaulizwa kama kesi yetu imefika wapi.

Kwa vijana wenzangu mnaolea wadogo zenu na wapwa zenu, haya ndiyo maswali tuliyomuuliza afisa, mnaweza kuyabeba kama yalivyo. Hili jino ni la utoto ao la ukubwani? Tukiliacha mwaka mmoja, nini kitaharibika? Kuna kinachoweza kufanyika hapa hapa, mtu akitembea kwa miguu? Matibabu yana safari ngapi, na tukikatika katikati inakuwaje? Nani ataangalia tena, na lini? Ukipata majibu hayo matano, hata kama jibu la mwisho ni kusubiri, utakuwa umesubiri kwa akili.

Na msisahau mambo ya bure. Mswaki asubuhi na usiku. Mtoto akianguka akapiga mdomo, apelekwe aangaliwe hata kama damu imekauka. Jino la utoto likigeuka rangi, mwambieni mhudumu wa afya.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi moja. Mnapowapokea watu kwenye vituo vya mpakani mnawauliza juu ya homa, chanjo, uzito, mimba. Vizuri sana. Ongezeni swali moja kwa mtoto: aliumia mdomo njiani? Ni swali la sekunde tano. Na mnapopanga bajeti ya meno, msihesabu tu meno yaliyong'olewa. Siku za afisa wa meno kurudi kituoni kila wiki ndizo zilizomsaidia mpwa wangu. Angekuja mara moja kwa miezi sita, kijiti kisingefaa kitu.

Picha ya eksirei na lile daftari tumeviweka kwenye mfuko ule ule wa nailoni wenye karatasi ya familia na kadi ya chanjo, ule unaobebwa wa kwanza hata nyumba ikiwaka. Ndege ikija, daftari litapanda pia, na daktari wa huko atajua tulipofikia. Isipokuja, 2028 tutatembea kituoni.

Mpwa wangu wiki iliyopita alipewa kusoma kwa sauti, ukurasa mzima. Mwalimu anasema amerudi kuwa na kelele kuliko mwanzo. Dada analalamika kwamba nyumbani pia.

Wiki ijayo zamu ni ya Kyangwali.